Kabla Hujanunua Kioo Kingine: Malalamiko ya Wateja na Chanzo Chake

Mama mmoja mwenye saluni Shangani, hapa Mtwara mjini, alinirudishia kioo mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza alisema kina giza, nikambadilishia. Mara ya pili akaja taratibu, akanisalimia vizuri, kisha akasema: "Fundi, na hiki nacho kina giza. Wateja wangu wakijitazama wanajiona kama wagonjwa." Sikumpa cha tatu. Nilichukua tochi nikaongozana naye hadi saluni.

Kioo kilikuwa kizima kabisa. Taa ilikuwa moja, katikati ya dari, nyuma kidogo ya kichwa cha mteja anayesukwa. Mlango uliojaa jua ulikuwa mgongoni kwake. Na taa ndogo ya pili aliyoiongeza baada ya kioo cha kwanza alikuwa ameielekeza kwenye kioo. Nilimwomba akae kitini, nikashika tochi nikammulika usoni kutoka pembeni. Akajiona. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kumbe ni taa?"

Tangu siku ile sigusi kioo cha mtu kabla ya kuuliza mambo matatu: mwanga unatoka wapi, unagonga nini kwanza, na ukitoka hapo unaelekea wapi. Hapa naandika juu ya kioo cha kujitazamia hasa, kwa kuwa neno letu ni moja kwa kioo cha dirisha na cha ukutani, ingawa vyote viwili vitakuja.

Kioo hakina mwanga wake. Funga madirisha usiku, zima taa, na kioo cha bei kubwa kuliko vyote dukani kitakuwa sawa na ubao. Zamani wapo wasomi waliodhani jicho ndilo linalotoa miale na kwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra karibu mwaka 965, alieleza kinyume chake: mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Yule mama alipoelekeza taa kwenye kioo alikuwa anakitendea kama jicho linalohitaji kusaidiwa kuona. Kinachohitaji mwanga ni uso wa mteja. Mwanga ugonge uso, utoke usoni uende kwenye kioo, kioo kiurudishe machoni.

Kanuni ya kurudisha ni moja, na unaweza kuiona mwenyewe mezani. Simamisha kipande cha kioo juu ya karatasi nyeupe, usiku. Ziba mdomo wa tochi kwa karatasi nzito yenye upenyo mwembamba, kisha laza tochi mezani ili mwale upite juu ya karatasi hadi kwenye kioo. Chora mwale unaoingia na unaotoka. Pale ulipogonga, chora mstari unaosimama mraba na kioo. Mwale ukiingia kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mstari huo, utatoka upande wa pili kwa nyuzi 30. Ukiingia kwa 50, hutoka kwa 50. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linapimwa kwa kanuni hiyo.

"Kioo kina giza"

Kwanza, simama mahali anapokaa mteja, ugeuke utazame nyuma yako. Kama kuna dirisha au mlango wenye mwanga mkali, umepata chanzo cha kwanza. Mwanga ule huingia kwenye kioo na kurudi machoni, mboni ya jicho hujibana, na uso ulio kivulini huonekana mweusi. Tiba ni kumgeuza mteja atazame upande wa dirisha, au dirisha limkae ubavuni. Kuhamisha kiti ni bure.

Pili, tazama taa ya juu. Taa iliyo utosini huweka kivuli chini ya nyusi, chini ya pua na kwenye mashavu. Mtu wa miaka 25 anaonekana ana usingizi wa siku tatu. Weka taa mbili, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso, zikimmulika mtu. Usogezaji nao una nguvu kuliko watu wanavyodhani: balbu ndogo ukiisogeza nusu ya umbali wa mwanzo, mwanga unaofika usoni huwa mara nne, si mara mbili.

Tatu, ukuta. Ukuta nao hurudisha mwanga, ila hauurudishi kwa mpangilio kama kioo. Unautawanya kila upande kwa sababu uso wake ni wa mikwaruzo midogo. Ndiyo maana ukuta wa chokaa hukuangazia chumba lakini haukuonyeshi sura. Ukiupaka kijani, unatawanya ukijani, na mteja anayechagua rangi ya nywele za bandia atachukua rangi atakayoikataa akifika nje. Kwa saluni napendekeza nyeupe au maziwa, bila kusita.

Ukishapita hapo na bado uso ni hafifu, ndipo tukishuku kioo chenyewe. Weka karatasi nyeupe mbele yake, ulinganishe karatasi na taswira yake. Kioo kizuri cha fedha hurudisha zaidi ya 90 kati ya kila sehemu 100 za mwanga, kwa hiyo tofauti iwe ndogo. Taswira ikiwa ya kijivu waziwazi, umeuziwa kioo dhaifu, na hapo una haki ya kukirudisha.

"Kimeota madoa meusi"

Hili ndilo lalamiko kubwa la mwambao wetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, na linaniuma kwa sababu mara nyingi lingezuilika siku ya kufunga.

Nyuma ya glasi kuna utando mwembamba sana wa fedha. Njia ya kuupaka kwa maji ya kemikali inatokana na kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig, mwaka 1835. Baadhi ya vioo huwa na tabaka la shaba mgongoni mwa fedha, halafu rangi ya kuvilinda. Vya bei ndogo mara nyingi ni alumini. Kinachoonyesha sura ni utando huo. Glasi ni ngao yake kwa mbele, na rangi ni ngao yake kwa nyuma. Lakini ukingoni, pale fundi alipokata, utando uko wazi. Unyevu wenye chumvi huingilia hapo na kuula.

Yasome madoa kabla ya kuyalaumu. Yakianzia ukingo wa chini na kupanda, ni maji: kila unapofuta kioo kwa kitambaa kinachochuruzika, maji hushuka na kutulia kwenye fremu. Yakiwa pande zote za ukingo, ni hewa ya bahari na ukingo usiozibwa. Yakiwa katikati, kwa umbo la matone au mistari, muulize aliyefunga alitumia gundi gani. Kuna silikoni inayonuka kama siki inapokauka. Asidi yake hupenya rangi na kuila fedha, na baada ya miezi kadhaa unaiona ramani ya gundi nzima mbele ya kioo. Doa la mstari mmoja mwembamba ni mkwaruzo wa mgongoni, wa safari. Naliona sana kwa wanaobeba vioo kutoka Mtwara kwenda Tandahimba na Newala wakati wa fedha za korosho, kioo kimelazwa nyuma ya pikapu juu ya mizigo. Kioo husafiri kimesimama, kimefungwa kwa blanketi.

Na ukuta usiukwepe. Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hushika unyevu. Plasta mpya ya saruji nayo hutoa maji kwa wiki nyingi. Kioo kikigandishwa moja kwa moja hapo, mgongo wake haukauki kamwe.

Doa jeusi halifutiki, na nakuomba usimlipe anayekuahidi kulifuta. Unachoweza ni kulisimamisha. Toa kioo, kikauke kivulini, pitisha vanishi au rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye ukingo wote, kisha kirudishe na vipande vidogo vya mpira nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, umalizie na kikavu. Siki, jiki na dawa zenye amonia zikae mbali. Gundi iwe silikoni isiyo na asidi. Madoa yakiwa ya sentimita chache pembeni, kata tu sehemu iliyoliwa. Utapata kioo kidogo zaidi lakini kizima.

"Kinaninenepesha"

Wengine husema kinawakondesha, na hao hawaji kulalamika mapema. Chanzo ni kimoja: kioo kimepinda. Glasi ya milimita 2 au 3 iliyokazwa kwa skrubu kwenye ukuta usionyooka hufuata ukuta. Ikitokeza mbele kama tumbo la ngalawa, taswira hupungua kwa upande ule iliopinda. Ikibonyea ndani, hutanuka. Kioo kirefu kilichoegeshwa ukutani hulegea katikati kuelekea ukuta, na kukurefusha kidogo.

Jaribio: simama pembeni, utazame ndani ya kioo taswira ya kitu kilichonyooka, mathalani fremu ya mlango, huku ukisogeza kichwa polepole. Mstari ukicheza kama nyoka, kioo kimepinda. Legeza skrubu nusu mzunguko, tazama tena. Ukinyooka, ukuta ndio mkosaji. Weka plaiwudi nyuma. Usiponyooka hata baada ya kukitoa, glasi yenyewe ina mawimbi. Glasi ya leo hutengenezwa kwa kumwaga glasi ya moto juu ya stani (metali ya bati) iliyoyeyuka, njia iliyotangazwa Uingereza mwaka 1959 na Alastair Pilkington, ndiyo maana hunyooka hivyo. Glasi ya zamani ya kuvutwa ilikuwa na mawimbi tangu kuzaliwa.

"Sijioni miguu, hata nikirudi nyuma"

Ni kweli, na hutajiona hata ukirudi hadi uwanjani. Mwale kutoka kwenye kidole chako cha mguu lazima ugonge kioo nusu ya njia kati ya mguu na jicho, kwa kuwa unaingia na kutoka kwa pembe sawa. Ukirudi nyuma, taswira nayo inarudi nyuma kwa kiasi kilekile, na ile nusu inabaki palepale.

Pima, kwa hiyo, na usinunue kwa kukisia. Mtu wa sentimita 160 mwenye macho usawa wa 150 anahitaji kioo kinachoanzia sentimita 75 kutoka sakafuni hadi 155. Urefu wa sentimita 80 tu, nusu yake! Kwa familia, ukingo wa juu mpimie mrefu kuliko wote na wa chini mpimie mfupi kuliko wote. Baba wa 175 mwenye macho usawa wa 163 anataka ukingo wa juu ufike 169. Mtoto wa 110 mwenye macho usawa wa 100 anataka wa chini uanzie 50. Kioo cha sentimita 119 kinawatosha wote wawili. Mara nyingi mteja anakuja kutaka cha mita mbili, naye kosa lake lilikuwa kutundika juu mno kile alicho nacho.

"Jua linanipiga kupitia kioo"

Kinyozi mmoja wa Lindi alinipigia mwezi wa sita. Kioo nilimfungia Januari, hakikuwa na shida, sasa kila mchana kinampiga machoni. Alidhani kimebadilika. Kilichobadilika ni jua. Mtwara na Lindi tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na 22 Februari. Kati ya hapo, Desemba, jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Juni liko kaskazini, kama nyuzi 56 tu kutoka upeo wa macho, na kupitia mlango wa mita 2 usio na kibaraza huingia mita 1.3 ndani. Mlango wake ulitazama kaskazini na kioo kilikuwa karibu nao.

Tiba yake ilikuwa kuinamisha kioo. Ukikiinamisha nyuzi 5, mwale unaorudi huhama nyuzi 10, maradufu, kwa sababu pembe ya kuingia na ya kutoka zote zimebadilika. Kwa umbali wa mita 3 hiyo ni nusu mita, inayotosha kuushusha mwale kutoka machoni. Fanya hivyo mchana wenyewe wa tatizo, kwa mkono, ukitazama duara la mwanga linaangukia wapi, ndipo ukaze. Na umwangalie jirani wa ng'ambo ya barabara kabla hujamhamishia.

"Usiku watu wa nje wananiona"

Hili ni la vioo vya madirisha ya alumini, vile vya bluu au shaba vinavyong'aa mchana kama kioo cha kujitazamia. Mteja anafurahi kwamba wapita njia wanajiona wenyewe tu. Usiku anawasha taa, nje watoto wanatazama naye tamthilia.

Kioo cha dirisha hakina upande wa siri. Kinarudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu, kutoka pande zote mbili. Aliye upande wenye mwanga mwingi hujiona, aliye gizani huona ng'ambo. Mchana nje kuna mwanga zaidi, usiku ndani. Hata glasi ya kawaida hurudisha kama sehemu 8 kati ya 100, ndiyo maana usiku unajiona kwenye dirisha lolote la basi. Hakuna glasi ya kubadilisha hapa. Weka pazia. Muuzaji aliyekuambia hutahitaji pazia hakukutendea haki.

Kwa vijana wa bodaboda

Gari linaonekana mbali kwenye saiti mira, kumbe limefika. Kioo hicho kimetokeza mbele kwa makusudi ili kikuonyeshe barabara pana, na gharama yake ni kwamba vitu vinaonekana vidogo, jicho likavisoma kuwa viko mbali. Kuhakikisha: kitazame karibu, kisha kwa urefu wa mkono. Taswira ikibaki wima na ndogo kuliko kwenye kioo bapa, ni cha kutokeza. Geuza shingo kabla ya kuingia barabarani, mdogo wangu. Barabara ya Masasi ina malori.

Taswira ikitetemeka hadi husomi kitu, kaza nati ya mkono wake, uweke kipande cha mpira kwenye kiungo. Kioo kikicheza nyuzi 1, mwale hucheza 2, ndiyo maana tetemeko dogo linaharibu kila kitu.

La tatu ni taa ya mbele. Umeweka balbu ya LED, inang'aa sana ukiitazama, lakini barabarani hakuna kitu na wenzako wanakulalamikia. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa ni kioo cha kubonyea, kimechongwa kwa ajili ya chanzo kilichokaa mahali pamoja tu. Balbu ya umbo jingine inaweka mwanga nje ya mahali hapo, na miale inatawanyika juu na pembeni. Rudisha balbu ya umbo lililokusudiwa. Na kikombe hicho usikifute kwa tambara la oili; utando wake uko mbele, hauna glasi ya kuulinda.

Madogo madogo

Unaona ukingo wa pili hafifu kwenye taswira ukitazama kwa mshazari: uso wa mbele wa glasi nao hurudisha kama sehemu 4 kati ya 100. Si ubovu. Glasi nene huonyesha zaidi.

Ukungu katika chumba chenye kiyoyozi: kioo ni baridi, umefungua mlango, hewa ya nje yenye unyevu imeganda kama matone. Sogeza kioo mbali na mkondo wa kiyoyozi.

Maneno ya kanga yanasomeka kinyume: kioo hakijageuza kulia na kushoto, kimegeuza mbele na nyuma, nawe umeigeuza kanga ulipoielekeza kwenye kioo. Unganisha vioo viwili kwa pembe mraba, utazame kwenye kiungo, na maneno yatasomeka sawasawa. Mafundi cherehani hupenda sana jambo hili.

"Pazia limeungua na hakukuwa na moto"

Nauliza kwanza kama kuna kioo cha kunyolea dirishani, kile kinachokuza uso. Kimebonyea, na jua likikiingia, miale yote hukusanyika mahali padogo mbele yake. Kipime: nenda nje, kielekeze kwenye jua bila kutazama ndani yake, sogeza kipande cha karatasi mbele yake hadi doa la mwanga liwe dogo kabisa, na uondoe upesi kabla hakijashika. Umbali huo ndio umbali wa hatari. Pazia, godoro au kikapu cha nguo kikiwa mahali hapo saa mbili asubuhi, wakati jua linapoingia moja kwa moja kutoka baharini, linaweza kushika. Kigeuze kitazame ukuta kila ukimaliza kunyoa, au kitundike upande ambao jua halifiki mwezi wowote wa mwaka.